Tuliziba Mlango, Tukajenga Mihrabu

Nati na bolti zangu, mko salama? Kaeni sawa. Wiki hii sina utani mwingi, ule kidogo niliokuwa nao nimeumaliza kwenye salamu.

Jumatatu nimeletewa barua. Karatasi nne, zimeandikwa kwa mkono mbele na nyuma, na juu ya kila karatasi pamekatwa kwa wembe pale ambapo huwa panakaa nembo ya kampuni. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaenda kunawa uso. Jina la kiwanda mwandishi hakulitaja na mimi sikulitafuta. Nimepunguza maneno machache tu. Isomeni kwanza, halafu tutaongea.

*

Kaka Spana, kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi nisamehe, sijawahi kuandikia gazeti ila nakusoma kila wiki na huwa nacheka unavyowapiga watu spana, leo naomba na mimi unipige ila unipige haraka, maana Ijumaa hii baada ya swala mambo yangu yanaisha, ama yanaisha vizuri ama yanaisha vibaya, na mimi kwa sasa sijui kuisha vizuri ni kupi na vibaya ni kupi.

Nafanya kazi kiwanda cha magodoro. Niliingia kama mbandika lebo, shule yangu iliishia njiani, ila nikajifundisha mwenyewe kutengeneza matangazo kwenye simu, na siku moja nikatengeneza bango la kuwaambia watu wasitupe mabaki ya sponji chooni, bosi akalisoma akiwa chooni akacheka mpaka watu wakamsikia nje, akasema huyu kijana ana kichwa, akanipa meza na cheo, ofisa wa huduma kwa jamii. Kazi yangu ni kuwaonyesha watu kwamba kampuni yetu ina utu. Tukipeleka magodoro kwa yatima napiga picha, tukichimba choo cha shule napiga picha, naandika maneno mazuri chini yake, amana, uadilifu, ihsani, nayaandika mpaka vidole vinayajua vyenyewe.

Bosi wetu tunamwita Alhaji na si mtu mbaya, kaka, naomba uelewe hilo kabla hujasoma mbele. Mama yangu alikuwa haoni jicho la kulia, Alhaji ndiye aliyempeleka akapasuliwa, na siku ya kufunguliwa bandeji alikuja kwetu mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akakaa chini kwenye mkeka, mama akamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwona kwa jicho hili baada ya miaka sita, na kumbe umenenepa hivi!" Tukacheka wote. Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia.

Sasa wafanyakazi walikuwa wanaomba mahali pa kuswalia muda mrefu sana. Walikuwa wanaswali kwa zamu juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, katikati ya marundo ya sponji, ukisujudu unainuka na vumbi la sponji kwenye paji la uso kama umepakwa unga. Mwaka juzi umoja wa wafanyabiashara ukatangaza ngao ya Mwajiri Mwenye Imani, Alhaji akaniita, akaniambia, "Kijana, nitafutie sehemu ya watu kuswali. Iwe nzuri, iwe ya heshima. Ila mashine zangu usiziguse." Nikatafuta, nikapata chumba nyuma ya stoo ya sponji, kikavu, bomba la maji liko jirani. Tukatandika zulia la kijani, tukaweka feni, rafu ya viatu, misahafu, na ukutani tukajenga mihrabu, ule uwazi wenye tao anaposimama imamu. Siku ya kufungua nikapiga picha, safu tatu zimenyooka kama zimepigwa rula, Alhaji safu ya mbele macho yamemlegea kwa machozi. Ngao tukapata. Iko mapokezi mpaka leo, moto haukuifikia.

Ndiyo, moto. Miezi minne iliyopita waya wa moto wa kukatia sponji uliwasha bonge zima, ilikuwa mchana, watu wametoka kula, na sponji kaka haiungui kama mbao, inayeyuka inadondoka kama mafuta na moshi wake ni mweusi, mzito, ukivuta mara tatu umelala. Waliokuwa mbele walitokea lango kubwa. Waliokuwa nyuma walikimbilia chumba cha swala, na humo wakafa watano. Mmoja ni mtunza stoo, mzee tuliyekuwa tunamwita Bwana Funguo kwa sababu alikuwa na rundo la funguo kiunoni, akitembea unasikia kama mlinzi wa jela anakuja. Alikutwa ameshika nyundo kubwa na mihrabu imevunjwa, pana tundu upana wa beseni.

Wiki hiyohiyo ukuta wa nyuma ukabomolewa wote, wakasema usije ukaangukia watu, wakaanza kujenga mwingine. Kisha kampuni ikatoa maelezo, na maelezo niliyaandika mimi kwa kuambiwa, kwamba njia ya kutokea ilizibwa na magodoro ambayo marehemu mtunza stoo aliyapanga kinyume cha utaratibu. Watu wakaongezea ya kwao. Wakasema mzee alichanganyikiwa. Wakasema alikufa akivunja kibla, mtu gani saa ya mwisho anavunja kibla, lazima alikuwa na jambo lake na Mungu. Mke wake siku hizi akifika bombani wanawake wananyamaza, wanashika ndoo zao. Mtoto wake mdogo ameacha madrasa, wenzake walimwambia baba yako yuko motoni mara mbili.

Yule mama alikuja ofisini mwezi uliopita. Mimi nilikuwepo. Akamwambia ofisa utumishi, "Mume wangu alikuwa analalamika nyumbani kuna mlango umezibwa." Ofisa utumishi akamjibu taratibu kabisa, kwa upole, "Mama yangu, mlango gani? Njoo utuonyeshe." Na ukuta ulikuwa umeshabomolewa, atuonyeshe nini? Akageuka akaniangalia mimi. Nikaangalia simu yangu.

Kuna msichana mmoja alitoka hai, mshona makava, mwembamba sana, tulikuwa tunamtania eti akisimama pembeni haonekani. Yuko hospitali, kampuni inamtibu. Nilipelekwa kumpiga picha akipokea maua, akasubiri muuguzi ametoka, akaniambia kwa sauti iliyokwaruzika, "Mzee alinisukuma miguu. Aliniambia pita wewe mwembamba, uwaambie wenzako wabomoe kwa nje. Nikapita. Nje hapakuwa na mtu." Halafu akaniuliza, "Unaandika?" Nikamwambia ndiyo. Sikuwa naandika.

Ijumaa hii kuna dua ya kuwaombea marehemu, kiwandani palepale, kampuni imealika familia tano, imemleta ustadhi mwenye sauti nzuri, kutakuwa na mifuko ya chakula na kila familia itapewa magodoro mapya, ndiyo kaka, magodoro, halafu kila familia itasaini karatasi kwamba imesamehe kwa ajili ya Mungu na haina madai na mtu yeyote. Karatasi hiyo nimeambiwa niitunge mimi na niisome mimi kwa kipaza sauti. Ndani yake uwemo mstari kwamba ajali ilitokana na uzembe wa marehemu mtunza stoo, Mungu amsamehe. Mke wake naye atasaini. Atasaini kumsamehe mume wake.

Nilimwendea Alhaji. Nilimkuta na tasbihi, amekonda, suruali inamvuka. Nikamwambia, "Alhaji, huo mstari kuhusu mzee tuuache." Akasema, "Tulijenga nyumba ya Mungu, kijana. Shetani asitufanye tujutie wema." Nikamwambia lakini mzee. Akasema, "Mzee yuko kwa Mola wake, anajua ukweli wote, hahitaji karatasi yetu. Hawa walio hai ndio wanaohitaji kazi. Kiwanda kikifungwa, watu mia na arobaini utawaandikia maneno gani mazuri?" Nikarudi mezani kwangu.

Sasa kaka kuna kitu nimekizunguka karatasi tatu nzima. Pale penye mihrabu palikuwa na mlango. Mlango wa chuma, unatokea uchochoroni, ulikuwa umeandikwa KUTOKEA kwa rangi nyekundu. Nilipokwenda kupima kibla kwa simu, mshale ukaenda kusimama katikati ya mlango ule, sawasawa, na mimi nikasema subhanallah, tazameni, hata tao hatuna haja ya kuchonga, uwazi upo tayari, tunaziba kwa tofali tunapiga lipu. Wazo lilikuwa langu. Bwana Funguo akasema, "Kijana, huo ndio mlango wa kutokea siku ya hatari." Mimi nikamjibu mbele ya watu, "Mzee, hatari kubwa ni kutoswali." Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Akasema, "Basi mihrabu iwekeni ukuta wa pembeni, tuswali mshazari kidogo tukifuata kibla, mlango ubaki." Nikamwambia safu zikikaa mshazari kwenye picha zitaonekana vibaya. Alhaji akakubaliana na mimi, akaahidi mwakani tutatoboa mlango mwingine. Mwakani ilifika ikapita. Mzee akanunua nyundo kwa hela yake, akaiweka nyuma ya rafu ya viatu, na kila akija kuswali alikuwa anaigusa kwanza, sisi tukawa tunamtania, "Bwana Funguo anamsalimia mke mdogo."

Picha za mwanzo zipo. Mlango ukiwa mlango, mafundi wakiziba, halafu mihrabu. Kwenye ukurasa wa kampuni niliamriwa nizifute nikazifuta, ila zipo kwenye simu yangu ya zamani. Wafanyakazi wa zamani wote wanajua mlango ulikuwepo, hakuna anayesema. Mama nimemweleza. Akafuta lile jicho lake lililotibiwa, akasema, "Mwanangu, mimi naona kwa ajili ya yule mtu. Usiniulize mimi."

Nikuulize wewe. Nikinyamaza, kazi za watu mia na arobaini zinabaki na Alhaji anabaki na heshima yake na wafu wanabaki wafu. Nikisema, mtu aliyempa mama yangu jicho anaenda kufungwa na huenda na mimi. Na je, wakisamehe Ijumaa, si wamesamehe? Msamaha si unafuta? Nimeweka namba yangu chini. Nisaidie.

Mimi, Mpiga Picha

*

Mpiga Picha, mdogo wangu.

Pole. Naisema mara moja, sitairudia, kwa sababu pole zote za wiki hii zimeshachukuliwa na mwanamke anayenyamaziwa bombani.

Umeandika karatasi nne, mlango ukautaja ya nne. Bosi ulimleta karatasi ya kwanza, amevua viatu, amekaa kwenye mkeka, ili nikifika kwenye mlango niwe nimeshampenda. Wewe ni hodari wa kazi yako, sikatai. Hata barua ya kujishtaki umeipanga kama picha, kizuri mbele na kibaya nyuma ya pazia. Kwangu hapa pazia tumeshaliondoa. Watu watano walikufa ili safu zinyooke kwenye picha. Utanichukia kwa sentensi hiyo. Nichukie, lakini isome tena.

Unaniuliza wakisamehe Ijumaa, si wamesamehe? Hilo ni swali la dini na mimi nilikuwa fundi breki kabla sijawa fundi wa maneno, kwa hiyo sikujibu kutoka kichwani. Nilikwenda kwa imamu wa msikiti wetu, ambaye mchana anatengeneza saa kwenye kibanda chenye upana wa kabati. Nikamsimulia bila kutaja mtu. Hakuinua macho kwenye saa yake. Akasema, "Haki ya Mungu, Mungu mwenyewe anasamehe. Haki ya mtu, mpaka mtu mwenyewe asamehe. Na mtu hawezi kusamehe kitu ambacho hajaambiwa." Nikamwuliza, na nyumba ya Mungu waliyoijenga? Akasema, "Mwambie aliyekuuliza kwamba Mungu hana uhaba wa mahali pa kusujudiwa. Wangeswali mshazari angewapokea." Nikamwuliza, na mzee aliyevunja mihrabu? Hapo ndipo aliponiangalia. "Ule ulikuwa ukuta. Humo ndani kulikuwa na watu. Mbona unaniuliza swali la kitoto?"

Basi umepata jibu. Hiyo karatasi ya Ijumaa haifuti kitu. Ni karatasi. Inamtoa bosi wako mahakamani, labda, ila mbele ya Mungu anayemtaja kila akisogeza punje ya tasbihi inamwongezea mzigo, kwa sababu hapo mwanzo alikuwa na kosa la kuziba mlango, sasa ana la kumsingizia maiti, na la kumtumia mjane kulitia saini. Wewe ndiye unayemshikia kalamu. Usiniambie unamlinda. Mtu aliyemtibu mama yako unamlipa kwa kumsaidia azame?

Na ofisi yako hiyo ya huduma kwa jamii nayo tuiseme. Jamii ni nani? Ni yatima wa mbali wanaopigwa picha na godoro? Jamii ya kwanza ya tajiri mwenye kiwanda ni yule aliye ndani ya kiwanda, anayepumua hewa yake, anayetafuta mlango wake. Amana mliyopewa ilikuwa roho za watu wale, kuanzia saa wanayoingia mpaka saa wanayotoka. Mlipewa mlango, mkarudisha ngao. Mzee mmoja tu pale kwenu alikuwa anafanya huduma kwa jamii, tena kwa hela yake, tena mkamcheka. Nyundo moja.

Sasa la kazi za watu mia na arobaini. Hilo si swali jepesi na sitajifanya. Inawezekana kiwanda kikafungwa. Inawezekana watu wakakutukana mtaani, wengine wana watoto na wana haki ya kukasirika. Ila nikuulize, huo mlango mwingine wa nyuma, baada ya moto, umeshatobolewa? Kwenye barua yako yote hujasema. Umetaja dua, ustadhi, magodoro, kipaza sauti. Mlango mpya hujautaja. Watu mia na arobaini wameingia leo asubuhi kwenye jengo ambalo mwenyewe unajua linavyoua, na unaniambia unawanyamazia kwa faida yao.

Nina langu na nitakuambia, kisha tuendelee. Zamani nikiwa gereji, tajiri wangu aliniambia nirudishe gari la mteja, breki bado hazijakaa, mteja ana haraka. Nilisema mara moja, kwa sauti ndogo, kisha nikafunga matairi. Yule mteja alikuwa na mkewe na mtoto kwenye kiti cha nyuma. Hawakufika, na hata baadaye sikusema. Waliandika dereva alilala. Ni miaka kumi na moja sasa, na wazazi wa yule dereva waliishi wakiamini mtoto wao aliua familia yake kwa usingizi. Nilipopata ujasiri wa kwenda, mama yake alikuwa ameshafariki na baba yake hakumbuki tena mambo. Kwa hiyo mimi sikupigi spana nikiwa juu, mdogo wangu. Niko chini ya gari hilohilo.

Ndiyo maana nakwambia haraka.

Huo mstari usiuandike. Leo. Waambie ofisini huandiki, na kama ataandika mwingine, wewe husomi. Zile picha zitoe kwenye simu ya zamani, zitolee nakala mbili, moja mpe mtu unayemwamini, nyingine mpe wakili, ipo misaada ya sheria ya bure, uliza. Simu ina kawaida ya kupotea wiki za namna hii.

Kisha nenda kwa mjane wa Bwana Funguo. Kabla ya polisi, kabla ya wakaguzi wa kazi, kabla ya Alhaji. Nenda na mama yako. Usiende na maua, usiende na mfuko wa chakula, na kamera iache nyumbani. Kaa chini, mwonyeshe picha ya mlango umwambie, mlango ulikuwepo, mume wako alisema kweli, mimi ndiye niliyesema uzibwe, mimi ndiye niliyemcheka, na kwa ile nyundo alikuwa anatoa watu. Mwambie habari za yule msichana mwembamba. Usilie kabla yake. Akikupiga, upigwe. Akikufukuza, toka, umeshasema. Usimwombe msamaha siku hiyo, usimpe kazi nyingine ya kufanya, ana kazi nyingi. Ila mwambie mtoto arudi madrasa, na umwambie utakwenda wewe mwenyewe kwa mwalimu wake kueleza.

Ukitoka hapo nenda kwa Alhaji, na usiende peke yako, nenda na imamu wa mtaa wenu, si huyo ustadhi wa kualikwa. Mweleze umeshasema, usimwulize kama useme. Mpe nafasi asimame mwenyewe Ijumaa mbele ya familia zote tano atamke neno mlango kwa mdomo wake. Huenda atasimama. Mtu anayekonda mpaka suruali inamvuka ana kitu kinamla, huenda anasubiri mtu amfungulie. Asiposimama, Jumatatu asubuhi wewe na wakili wako mko kwa wakaguzi wa kazi na polisi, na picha zenu, na jina lako la kwanza kwenye maelezo. Kazi utapoteza. Kuhusu kufungwa sikudanganyi, sijui. Yule msichana hospitali naye ana haki ya wakili kabla hajapewa karatasi yoyote, na wewe unadaiwa kuandika alichokuambia. Uandike leo, neno kwa neno, na tarehe.

Mama yako alikuambia usimwulize. Basi usimwulize, mwombe tu akusindikize. Atakuja. Jicho lile alilitengeneza Alhaji, lakini anayeona kwa jicho lile ni mama yako.

*

Nati na bolti zangu, namba aliyoiweka chini nimeipiga. Mara ya kwanza Jumatatu, haikupokelewa. Jumanne, haikupokelewa. Jana ikapokelewa, nikasikia mashine inakata kitu kirefu, na watu wanaitana kwa mbali. Nikasema, "Mdogo wangu, ni Spana." Ikakatwa.

Leo ni Alhamisi. Gazeti hili huwa linafungiwa vitu, linawekwa mezani kwa watu, linafika kusikotarajiwa. Kwa hiyo siongei na kijana tena, naongea na wewe uliyelishika. Chukulia ni kesho, swala imekwisha, magodoro mapya yamepangwa mpaka darini yamefungwa nailoni, ustadhi amemaliza kusoma kwa sauti nzuri, na kijana amesimama mbele ya kipaza sauti na karatasi. Ungekuwa yeye, ungesoma nini? Ungekuwa mfanyakazi wa zamani umekaa nyuma, unaujua ule mlango tangu ukiwa mlango, ungeinuka? Na ungekuwa yule mama, umeshaletewa kalamu, umeshaonyeshwa pa kuweka jina, na watu wote wamegeuka wanakuangalia, ungesaini?